Anayenyonya Ziwa la Kushoto

Petro alikuwa na miezi minane, na kila siku, mama yake Dina alipokuwa ameinama chini ya mikorosho akiokota korosho, bibi yake ndiye aliyemtuliza. Kule Mkunya, wilayani Newala, bibi hahitaji kuwa na maziwa ili amnyonyeshe mjukuu. Humpa ziwa kavu, mtoto akanyonya hivyo hivyo, akalala, na mama yake akamaliza kazi. Isabela, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Dina, alikuwa akifanya hivyo tangu msimu uanze. Ziwa la kulia kwanza, kisha la kushoto.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa Petro alikataa la kushoto.

Hakulia. Alilisogelea akiwa amefungua mdomo, akaishia njiani, akatazama. Halafu akarudisha kichwa nyuma taratibu, kama mtu aliyefika kwenye kiti chake akakuta mwingine amekaa.

Isabela alicheka, akamgeuzia kulia. Kesho yake ikawa vile vile. Siku ya tatu mtoto alinyoosha mkono, akapapasa hewa mbele ya ziwa lile, akautoa mkono haraka na kuuficha kifuani kwake. Siku hiyo Isabela hakucheka. Alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha, na ndani ya harufu hiyo kulikuwa na moshi wa maganda ya korosho, ingawa jikoni hapakuwa na moto.

Kijiji cha wakulima saa saba mchana, msimu wa korosho, hakina mtu. Wote wako mashambani wamejibanza kivulini. Ijumaa ya juma lile Isabela alibaki nyumbani peke yake akimenya mihogo. Aliegemea ukuta kidogo tu, apumzishe mgongo, usingizi ukampitia. Kilichomwamsha ni kuvutwa. Alihisi ziwa likivutwa kama linavyovutwa maziwa yanaposhuka, jambo ambalo mwili wa mwanamke aliyezaa hausahau hata miaka ikipita, akasikia na mlio wake, mlio mdogo wa kumeza, kumeza, kisha kituo, kisha pumzi ndefu, kisha kumeza tena, akafumbua macho akatazama mapajani akaona hakuna kitu, hakuna kabisa, ila kanga yake ilikuwa imebonyea katikati kama iliyolaliwa na mwili wa mtoto, na kwenye ngozi ya ziwa la kushoto palikuwa na vishimo vinne vidogo vilivyojipanga, na kando yake kimoja cha tano, vya vidole ambavyo havikuonekana.

Mtu mwingine angepiga kelele. Isabela alichukua pindo la kanga akakifunika kile asichokiona, jua lisikipige.

Alifanya hivyo kwa sababu alikitambua kile kituo na ile pumzi ndefu. Miaka kumi na tisa nyuma alikuwa na mtoto wa mwisho, Silvesta, aliyekufa kwa homa akiwa na miezi saba. Silvesta alinyonya hivyo hivyo. Alimeza, akatua, akashusha pumzi kama mzee aliyetua mzigo.

"Silvesta," alinong'ona.

Kile kitu kikanyonya kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo kilikuja kila siku saa hiyo. Isabela aliacha kwenda shamba. Alisema mgongo unauma, na Dina, ambaye alikuwa binti mwema, alibeba sehemu ya mama yake ya kazi bila kuuliza. Mume wa Isabela, Dastani, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alirudi mchana kuchukua jembe, akasimama mlangoni, akausikia mlio ule. Aliingia ndani, akawasha redio, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiacha inaongea, akaondoka na jembe lake. Tangu siku hiyo aliiwasha kila siku kabla ya kutoka. Alidhani mkewe anasikia kitu kibaya, akataka kumfunikia.

Mwezi wa kumi ulipoingia, chini ya ngozi, pale mdomo ule ulipokuwa ukishika, palikuwa na uvimbe mgumu wenye ukubwa wa korosho. Haukuuma. Kwenye blauzi zake yalianza kuonekana matone ya rangi ya chai ya rangi, na Isabela alizifua mwenyewe, akazianika nyuma ya nyumba. Mifupa ya mabega ikaanza kumchomoza. Alipojitazama kwenye kioo alijua kwamba analiwa, na bado saa saba ilipokaribia alijikuta ameshafungua kifungo.

Wakati huo ndipo Nesi Kulwa wa zahanati alipowaita kina mama. Kulwa alitoka Shinyanga, alikuwa Mkunya mwaka wa pili, na watu walimpenda kwa kuwa aliamkia hata wake wa wazee waliokuwa wadogo kwake. Aliwaeleza kwamba wataalamu wanaleta mashine ya kupiga picha matiti, wenyewe wanaiita mamogramu, itakaa Masasi, hospitali ya Mkomaindo, kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu itahamia kwingine. Kila mwanamke wa miaka arobaini na kuendelea anakaribishwa, na gari lao litaondoka siku ya Ijumaa.

Kina mama walikuwa wamesikia mengi. Kwamba mashine inabana ziwa mpaka linakuwa kama chapati. Kwamba mwanamke mmoja wa Chilangala alizimia. Mama mmoja mcheshi aitwaye Getrude alisema yake yamebanwa na watoto tisa na mume mmoja, mashine itakuta nini cha kubana, na wote wakacheka, lakini kicheko chao kilikuwa kifupi.

Kulwa naye alicheka. Kisha alichukua madaftari mawili, akamwita kila mmoja, akabana nyama ya juu ya mkono wake katikati ya madaftari hayo na kuhesabu polepole mpaka kumi. Alisema ni hivyo tu, mara mbili kila upande. Aliwaambia wasiende siku zile matiti yanapokuwa mazito kwa hedhi, wasijipake mafuta, poda wala manukato kifuani, wavae blauzi na kitenge ili wavue juu tu. Ukiumia unasema, wanaacha. Na alisema yeye mwenyewe atakuwa mle ndani na kila mmoja, anayetaka mkono wa kushika ataupata.

Zamu ya Isabela ilipofika Kulwa alimbana mkono kwa madaftari, akahesabu, na alipofika saba akanyamaza. Alikuwa akitazama blauzi.

"Mama Dina," alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "hili tone lina siku ngapi?"

Isabela alijibu kwamba ni chai imemwagika. Kulwa hakubishana naye. Aliliandika jina lake juu kabisa ya orodha ya Ijumaa.

Aliporudi nyumbani Isabela alijifungia ndani. Hakuogopa kubanwa. Aliogopa kwamba picha inaonyesha kilichomo, na kilichomo ni chake, na wakikiona watamnyang'anya.

Dina ndiye aliyegundua. Jumamosi alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta kuku, akakuta blauzi tano kwenye kamba, kila moja ina doa mahali pamoja. Alimkabili mama yake, na mama yake akamwambia yote, bila kulia, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Dina alikaa chini. Alimvuta Petro kwake, akamfunga mgongoni kwa mafundo mawili.

Walikwenda kwa Fundi Husseni, mganga, kule Chilangala. Ni kweli walikuwa Wakristo, lakini mambo ya majini watu wa huko hawaulizani dini. Husseni alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, mpole, aliyewapisha kwenye mkeka na yeye akakaa kwenye udongo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga ngoma wala hakuchoma ubani.

"Ulimpa jina?" aliuliza.

Isabela aliinamia mkeka.

"Basi ndiyo maana amekaa." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Mama, huyo si mwanao. Mwanao amelala alipolala. Huyu alikuta nyumba tupu yenye mlango wazi, akaigiza sauti ya mwenye nyumba. Na jini anayenyonya hatolewi kwa ngoma. Anaachishwa ziwa kama mtoto yeyote. Utapaka mwarobaini siku tatu. Atalia. Usimwonee huruma."

Kisha akasema jambo ambalo Dina alilikumbuka kwa shukrani siku zote. Alisema kuhusu ule uvimbe yeye hana ujuzi, asije akawadanganya. Jini ni kazi yake, uvimbe waupeleke kwa Nesi Kulwa, na wasichague kimoja wakaacha kingine.

Jumanne mchana Isabela alipaka mwarobaini. Kilikuja saa yake, kikashika, kikaachia. Nyumba ikawa kimya kwa muda ambao mtu angeweza kuchota kikombe cha maji na kunywa. Halafu kikalia. Kililia kwa sauti ya mtoto mwenye homa, sauti iliyokauka kooni, ile ile ambayo Isabela aliisikia mara ya mwisho akiwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya Dastani, wakimkimbiza Silvesta hospitali, na yeye akimwambia mtoto tumefika, tumefika, hali hawajafika. Redio ilikuwa inasoma bei za korosho. Kilio kilipita juu ya redio, kikazunguka chumba, kikatambaa sakafuni mpaka kwenye miguu yake, kikapanda.

Jumatano alipaka tena, na kilipolia akachukua kitambaa chenye maji akaufuta uchungu wote, akafumba macho, akakipa.

Alhamisi asubuhi Kulwa alipita kumkumbusha. Alimletea blauzi yake mwenyewe yenye vifungo vya mbele, ili asipate tabu ya kuvua. "Shikamoo Mama Dina. Nimeona zako nyingi unazifua," alisema tu. Aliitikiwa marahaba, akaenda zake kazini, na Isabela akabaki ameshika blauzi ile iliyopigwa pasi, akaona aibu kubwa. Huyu mtoto wa watu kutoka mbali alikuwa anahangaika ili yeye apone. Yeye alikuwa analisha kinachomuua.

Aibu hiyo ndiyo iliyomfanya akosee. Kwa watu wa korosho kuna dawa moja wanayoijua wote, yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda yakipata moto. Ndiyo yanayobabua vidole vya wanawake wanaobangua, na ndiyo wanayochomea sugu na vinundu vya ngozi mpaka vidondoke. Mwarobaini ni mchungu tu, Isabela aliwaza, unafutika. Mafuta haya hayafutiki. Yatamwachisha yule na kuung'oa uvimbe kwa mara moja, na kesho mashine isikute kitu. Alikaanga maganda kwenye bati, akakinga mafuta kwenye kifuniko cha chupa, akasubiri saa saba, na alipohisi uzito umelala mapajani, na vidole vitano vimeshika, na pumzi ya uvuguvugu iliyonuka maziwa yaliyochacha imemkaribia, alisema "Mwanangu nisamehe," akapaka kwa unyoya wa kuku, duara zima.

Mayowe yalikuwa mawili. Majirani walisikia moja.

Dina alimkuta anajipepea kwa ufuniko wa sufuria, ziwa limevimba na malengelenge yamejaa kama punje za mahindi. Walimmwagia maji mengi sana, maji ambayo Dastani alikuwa ameyatoa mbali kwa baiskeli, ndoo baada ya ndoo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyamwaga. Jioni ngozi ilitoka. Uvimbe ulikuwa pale pale chini yake. Na kwenye kona ya chumba, ambako hakuna aliyeangalia isipokuwa Isabela, kitu kilikuwa kinalia kwa kwikwi, hakikuthubutu kusogea.

Ijumaa gari liliondoka na wanawake kumi na wanane. Kulwa alikuwa amewaomba watoto wabaki nyumbani, kwa hiyo Dina alibaki na Petro. Waliposhuka kutoka kwenye uwanda wa juu na milima ya mawe ya Masasi ikaonekana, wanawake walianza kuimba nyimbo za kanisani na za harusi, zote pamoja, kuficha woga. Isabela hakuimba. Kilio kilikuwa chini ya kiti chake. Kilimfuata mpaka Mkomaindo, kikamfuata kwenye korido, kikakaa mwisho wa benchi la kusubiria.

Ndani ya chumba Kulwa alimsaidia kufungua vifungo, akaona. Alivuta pumzi, akaziba mdomo kwa mkono. Alipouondoa uso wake ulikuwa umetulia.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi."

Kulwa hakumgombeza. Alimfafanulia kwa upole kwamba kidonda kibichi hakiwezi kubanwa, kwamba upande huu hautapigwa picha leo, na mashine inaondoka leo. Wataupima upande wa kulia kwa mashine, na wa kushoto wataangalia kwa ile nyingine ya kupitisha juu ya ngozi, pembeni ya kidonda, kadiri itakavyowezekana. Isabela alielewa. Alikuwa amelichoma hasa lile ziwa lililohitaji kuonekana.

Basi wakapima la kulia. Mtaalamu, dada mmoja mwenye mikono ya baridi aliyeomba radhi kwa ubaridi wake, alimweka sawa, akashusha kile kibao. Kulwa alimshika mkono. Kilibana, ndiyo, kama madaftari, zaidi kidogo, akaambiwa azuie pumzi, akazuia, kikaachia. Mara mbili. Mtu angeweza kusema Baba Yetu nusu tu.

Isabela alibaki amesimama. Woga wote ule, na lilikuwa jambo la kusema nusu ya sala. Machozi yalimtoka hapo, na mtaalamu alidhani ameumia.

Kisha, wenzake wote walipokwisha kupimwa, alilazwa kitandani katika chumba cha jirani kwa kipimo cha pili. Kulwa alitoka kidogo koridoni. Mtaalamu alipitisha kifaa kile pembeni ya kidonda, akasimama sehemu moja muda mrefu, akapitisha tena. Na katikati ya ukimya huo Isabela akagundua kwamba ni ukimya. Kilio kilikuwa kimekoma. Alisikiliza chini ya kitanda, akasikiliza koridoni. Hakuna. Mwili wake ulikuwa mwepesi, kama siku mtu anapotua kuni. Hata daktari alipokuja na kusema kwamba uvimbe huo si wa kuachwa, kwamba anamwandikia barua ya Mtwara wakaukate kipande na kukipima, kwamba angekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi, Isabela aliitikia kila neno na kuikunja barua vizuri. Ataenda. Alikuwa peke yake ndani ya ngozi yake, na alitaka kuishi.

Alimkuta Kulwa koridoni, amekaa kwenye benchi.

"Kulikuwa na mtoto analia hapa," Kulwa alisema. "Peke yake, maskini, mwisho wa benchi. Mama yake simwoni. Nimempakata kidogo, akanyamaza."

Isabela alitazama mwisho wa benchi. "Yuko wapi sasa?"

Kulwa alitazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umekunjwa kifuani, kiganja kimeinuliwa kama kinachoshika kisogo, na mwili wake ulikuwa unayumba taratibu, mbele na nyuma. "Nimemweka chini," alisema. Alitazama sakafu. "Nadhani nimemweka chini."

Aliendelea kuyumba.

Isabela angeweza kwenda zake kwenye gari. Wazo hilo lilimjia, na alilichukia tangu lilipokuja. Alikaa karibu naye, akamweleza yote kwa kunong'ona, kuanzia Petro mpaka unyoya wa kuku, na Kulwa alimsikiliza kwa adabu, akitabasamu kidogo, kama anavyowasikiliza wagonjwa wenye homa. Alisema Mama Dina amechoka, amepitia mengi.

"Sawa, nimechoka," Isabela alisema. "Wewe una miaka mingapi, mwanangu?"

"Arobaini na mbili."

"Umeshapimwa?"

Kulwa alicheka. Alisema akilala yeye pale ndani, nani atawashika mikono? Kicheko kikaisha, na hakikufuatwa na kingine. Alitazama mlango wa chumba kile ambamo alikuwa ameingia na kutoka siku nzima na wanawake kumi na wanane.

"Mama yangu alikufa kwa saratani ya ziwa," alisema, kwa sauti ambayo Isabela hakuwahi kuisikia kwake. "Shinyanga. Nilimuuguza mimi. Mama Dina, mimi naogopa."

Isabela alimshika mkono, ule wa kulia uliokuwa huru, akamwinua. Alimwambia maneno yale yale aliyoambiwa yeye, kwamba ni kama madaftari, unahesabu, hufiki kumi, ukiumia unasema. Kulwa alimfuata kama mtoto wa shule. Walipofungua mlango walikuta chumba kimefagiliwa. Mashine ilikuwa imeshatolewa kwa mlango wa nyuma, na nje vijana walikuwa wanaifunga kwa kamba juu ya lori, chini ya turubai. Mtaalamu mwenye mikono ya baridi alisema jamani poleni, orodha iliisha, labda mwakani.

"Mwakani nitapima," Kulwa alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa adhabu.

Isabela alimwambia wataenda wote Mtwara, kwenye barua ile ile, atasema hawezi kwenda peke yake. Kulwa alisema akipata ruhusa. Alikuwa ameshageuka kuwahesabu abiria wake.

Gari lilipopanda kurudi Newala wanawake walikuwa wamechoka na wamefurahi, kila mmoja ameona kwamba alichokiogopa ni kidogo, na mmoja baada ya mwingine walinyamaza. Kulwa alikaa kiti cha dirishani, kifungo cha juu cha gauni lake kimefunguka, akiyumba. Mlio ule ulisikika gari zima. Kumeza, kumeza, kituo, pumzi ndefu. Getrude alitabasamu akiwa amefumba macho, kila mwanamke aliusikia, na kila mmoja, isipokuwa Isabela, alidhani ni mtoto wa mwenzake. Hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani ya gari lile.